Vipimo vya Baba Yako

Tarehe 3 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kazi inaendelea, mikono ni myeusi hadi viwikoni, na Mzee Grisi, mwenye gereji, anasema fundi wa kike mwenye kucha safi hajaanza kazi bado.

Nina ombi. Chukua tepu yako ya kushonea unipimie Baba. Nataka urefu wa mkono kutoka begani hadi ngumi, akiwa ameunyoosha mbele. Nataka upana wa kiganja. Halafu akiwa amekaa, kutoka kitako hadi utosini, na upana wa nyonga. Mwisho mguu wake wa kulia, kutoka nyongani hadi wayo, akiwa amekaa na ameukunja kidogo tu.

Usimwambie kwamba ni mimi niliyeagiza. Usiniulize kwa nini. Na usinipigie simu kuhusu jambo hili, maana unajua mwenyewe Baba anavyoiweka simu sauti ya juu hadi mtaa unajibu salamu. Barua mpe dereva wa basi la asubuhi, hupita hapa gerejini kujaza upepo.

Wako,
Kifungo


Tarehe 11 Februari

Kwako mwanangu Kifungo,

Marahaba, marahaba mara mia. Ukiona maneno yamepanda juu ya mstari usidhani naumwa, ni furaha.

Nimempima. Nilimwambia namshonea shati. Alitulia nilipopima mkono, sentimita sitini na nane. Nilipofika kwenye kiganja akanitazama. Nilipomwambia akae vizuri nimpime kuanzia kitako akasema, "Wewe mama, shati gani linaanzia kitakoni?"

Nikamwambia, "Refu."

"Na mguu je? Shati lina mguu?"

"Nyoosha, acha maneno."

"Unanipima kama mtu anayetaka kunitengenezea kabati. Au naoa tena bila habari?"

Mwanangu, aliposema kuoa, tepu ilinidondoka. Nikaelewa yote papo hapo. Suti! Mimi sikusoma, darasa la nne ndilo lililonishinda, lakini nimeshona watu wa kila namna na najua mtu hupimwa kwa siri kwa sababu gani. Baba wa bibi harusi hawezi kusimama mbele za watu na suruali yake ya kaki. Kilichonishangaza ni hicho kiganja. Nikawaza, suti haina kiganja. Halafu nikasema, aa, glavu. Basi huyo bwana wako kwao ni watu wakubwa, wanavaa glavu nyeupe kwenye picha.

Sasa niambie. Ni nani? Ni mpole? Anakula vizuri au ni wale wa kuchokoachokoa? Kama naye ni fundi, nani atapika mkiwa nyote wawili mmelala chini ya gari? Mama yake yuko hai? Ananiogopa? Asiniogope, mimi ni mtu wa kulia tu.

Vipimo vingine nimeviandika nyuma ya karatasi. Sijamwambia mtu. Nimemwambia Shangazi yako tu, naye nimemwapisha.

Ni mimi mama yako


Tarehe 19 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Umekaa?

Hakuna bwana harusi. Hakuna suti wala glavu. Nimeisoma barua yako chini ya gari la mteja nikacheka hadi nikagonga kichwa, kisha nikaona aibu, maana kosa ni langu. Nilipaswa kukueleza.

Ni gari, Mama. Kuna magari yanauzwa yakiwa vipande ndani ya masanduku: fremu, bodi nyepesi ya faiba, magurudumu, usukani. Mtu anaunganisha mwenyewe na injini anajitafutia. Mteja mmoja alituletea masanduku yake, akahamia mbali, akamwambia Mzee Grisi ayatoe, yasimjazie nafasi gerejini. Mzee Grisi akanipa mimi. Ni kigari cha viti viwili, kifupi, kimekaa chini chini kama chura.

Nakitengeneza kwa ajili ya Baba. Magari ya kawaida yanataka mguu wa kushoto kukanyaga klachi, na Baba wa kushoto hana. Hiki klachi yake itakuwa ya mkono, anaikaza kwa vidole hapohapo kwenye usukani. Gia nayo ni ya mkono, kijiti kimoja, unasukuma na kuvuta. Mguu wake wa kulia unabaki na mafuta na breki. Ndiyo maana nilitaka kiganja. Ndiyo maana nilitaka mkono hadi ngumi.

Injini nimepata ya mtumba, ndogo, nzima kabisa. Injini hii itanifaa. Nikiiwasha injini hii inaunguruma vizuri hadi Mzee Grisi anaacha chai.

Mwambie Shangazi taratibu.

Wako,
Kifungo


Tarehe 27 Februari

Kwako mwanangu,

Nilikaa kama ulivyosema, na nikafanya vizuri kukaa.

Shangazi nimemwambia taratibu. Akanijibu, "Wifi, umechelewa, habari imeshafika sokoni." Mwanamke yule ameshachagua hadi mahali atakaposimama kwenye picha. Nilipomwambia ni gari, akauliza gari la harusi? Nikasema gari tu. Akasema, "Basi na bwana atakuja, gari haliji bure." Watu wananipongeza njiani. Najibu asante, nitafanyaje, nianze kusimulia habari za klachi mbele ya ndizi za watu?

Lakini mwanangu nisikilize. Umeshamsahau baba yako alivyo. Kile kiti cha magurudumu walichomletea kiko uani, kuku ndio wanaokalia. Magongo anayatumia kufukuzia mbuzi wa jirani. Kutwa yuko barazani. Chombo kikipita anakisikiliza: "Hilo plagi zimechoka." "Huyo anavuta gia kama anang'oa muhogo." Wenye magari wamemzoea, wengine wanasimama kumuuliza, na akishawajibu wanaondoka na yeye anabaki. Hapo ndipo uso wake siupendi kuutazama. Najifanya nina uzi wa kutunga.

Sasa mtu kama huyo, akijua kitu kimetengenezwa kwa kumhurumia, hatakigusa hata kwa kidole. Nitamwambiaje?

Halafu kuna jambo jingine. Kwenye barua yako umeandika injini, injini, injini, na kila mara umepita haraka. Ya mtumba, sawa. Mtumba wa nini? Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakuja kuniambia, "Mama, sufuria limeanguka," kama vile sufuria lina miguu. Nakujua. Nguo ya mtumba mimi naifua, naipiga pasi, najua ilikuwa gauni au shuka. Hiyo injini ilikuwa ya nini, na alikuwa nayo nani kabla yako?

Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Mama yako


Tarehe 6 Machi

Mama,

Shikamoo. Nilijua utauliza.

Ni ya pikipiki. Injini ya gari ingekuwa nzito kwa fremu ile, na ya pikipiki ndiyo yenye klachi ya mkono tangu ilipozaliwa. Bila hiyo, gari hili halimfai Baba.

Niliuliza ilikuwa ya nani, kwa sababu nilijua ungetaka kujua. Ilikuwa ya mkunga mmoja. Alizunguka nayo vijijini kuzalisha watu hadi fremu ikaoza kwa kutu, yeye akastaafu, injini ikabaki nzima. Haijawahi kuanguka na mtu. Mkunga mwenyewe nimemwona, anapanda maua, ananiuliza itakwenda kufanya kazi gani sasa. Nikamwambia.

Nisamehe kwa kupita haraka.

Kifungo


Tarehe 14 Machi

Kifungo,

Salamu nimezipokea.

Mimi ndiye ninayeshona suruali za baba yako. Mguu wa kulia naupindia chini kama wa watu wote. Wa kushoto naukata, naukunja, nauziba. Kila suruali. Siku aliyotoka na ile pikipiki ya kusambazia mikate nilikuwa nimemshonea mpya, na miguu yote miwili.

Pikipiki haitaingia uwanjani kwangu, hata ikivaa bodi ya gari.

Kula vizuri.

Mama


Tarehe 10 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sitabishana nawe. Nimeikunja barua yako na nimenyamaza kama ulivyoona. Ila sina mtu mwingine wa kumsimulia hili lililonipata jana, na nisipolisimulia litanipasua kifua.

Injini ile imekaa nyuma ya viti. Ukiiweka kama ilivyokaa kwenye pikipiki, mabomba ya moshi yanatokea mbele, yanagusa mgongo wa kiti. Nikawaza ngozi ya mtu, nikawaza joto. Nikaona akili: niigeuze tu, mabomba yatazame nyuma, moto uende huko. Nikaigeuza, nikaifunga, nikakaza kila nati, nikaweka mnyororo. Fundi mzima, nimejisifu hadi nikajipiga bega.

Jana ndiyo siku ya kuwasha. Mafundi wote wametoka kutazama. Mzee Grisi amekaa nyuma kabisa, juu ya tairi, na kikombe chake, anasema hapo ni salama maana gari linakwenda mbele. Nikapiga stata. Ikalia vizuri, Mama, kama cherehani mpya. Nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi.

Likarudi nyuma.

Nikadhani nimekosea gia. Nikaweka ya pili. Likarudi nyuma kwa haraka zaidi. Mzee Grisi ameruka, kikombe huku, kofia kule, tairi alilokuwa amekalia likamfuata hadi langoni. "Simamisha hilo dude lako!" anapiga kelele. Ukiigeuza injini, nayo inazungusha magurudumu kinyume. Ninalo gari lenye gia tano, na zote tano ni za kurudi nyuma. Ya kwenda mbele sina hata moja.

Sasa wananiita Rivasi. Na nikiigeuza irudi ilivyokuwa, joto lile la mgongoni sijui nitalifanyaje. Nimekaa nalitazama tu.

Wako,
Kifungo


Tarehe 18 Aprili

Kwako mwanangu Rivasi,

Sikutaka kucheka. Nilikuwa nimekasirika vizuri kabisa, nimezoea. Nikaifungua barua yako nikiwa nimekaa kwenye cherehani, baba yako yuko mlangoni, na nilipofika kwa Mzee Grisi kufuatwa na tairi, nikatoa mlio kama kuku aliyekanyagwa.

Baba yako akageuka. "Unacheka nini peke yako?"

Ningesema nini? Nikamwambia Kifungo anamtengenezea mteja wake gari, lina gia tano, na zote zinarudi nyuma.

Hakucheka. Akaweka kikombe chini. "Injini ya nini?"

Mwanangu, hapo nilitamani kulimeza neno. Lile neno halijatajwa humu ndani tangu alipotoka hospitali. Nikasema polepole, "Ya pikipiki." Nikangoja anyamaze siku tatu, kama anavyonyamaza.

Akasema, "Ameigeuza."

"Nani?"

"Huyo mtoto wako. Ameigeuza injini uso umetazama nyuma. Kwa nini ameigeuza?"

"Injini ina uso?"

"Ina uso kuliko dada yangu. Soma barua, acha kunitazama."

Nikamsomea kipande cha mabomba. Akapiga goti lake moja. "Amekosea, lakini amekosea kwa akili! Hakutaka kumchoma mtu mgongo." Akaomba chaki yangu. Nikampa, nikidhani anataka kuchora sakafuni. Amechora kwenye kitambaa cha sketi ya mwalimu, mwanangu, kitambaa cha watu! Amechora injini, mabomba, kiti, mnyororo, amechora hadi moshi. Nikapiga kelele, akasema, "Kitafutika, tulia, na wewe andika ninayosema." Yako mwisho wa barua hii, alivyotamka ndivyo nilivyoandika.

Sasa sikiliza kilichofuata. Akaniuliza, "Kwani huyo mteja, kwa nini hataki injini ya gari?"

Nikasema, "Ana mguu mmoja."

"Upi?"

"Wa kulia ndio uliobaki."

"Basi ndiyo maana anataka klachi ya mkono. Mwenye kufikiria hilo ana akili. Lakini mkono wenyewe una urefu gani? Ukiweka mbali atakuwa anainama kama anayetafuta sindano. Muulize Kifungo, mkono wa mteja ni kiasi gani."

"Sitini na nane," nikasema.

Lilinitoka, Kifungo. Mimi na vipimo vya watu ndivyo tulivyo, ukiniuliza najibu, sifikiri. Nilipofunga mdomo nilikuwa nimeshachelewa.

Baba yako akaweka chaki chini. Akautazama mkono wake. Akaunyoosha mbele polepole, akakunja ngumi, vilevile nilivyomnyoosha siku ile. Halafu akasema, "Lile shati nililopimiwa mwezi wa pili, liko wapi?"

Nikaanza kutafuta uzi mweusi. Ulikuwa mbele yangu lakini nikautafuta.

"Mama Kifungo."

"Abee."

"Nimeuliza shati."

"Bado sijalimaliza," nikasema, na machozi yameshafika kidevuni, unanijua. Nikangoja aseme hataki, aseme tumemfanya kilema wa kuchangiwa. Nilikuwa nimeshayapanga na ya kumbembeleza.

Akashusha mkono. Akakohoa. Akasema, "Mwandikie Kifungo. Mwambie huyo mteja wake asimwekee mto mnene kitini. Huyo ni dereva, si mgonjwa."

Nikaandika.

"Mwambie na kioo cha pembeni kiwe kikubwa. Mteja anapenda kuona nani anamfuata."

Nikaandika.

"Na rangi?" nikamuuliza. "Mteja anataka rangi gani?"

Akafikiri sana, mwanangu, zaidi ya alivyofikiri kuhusu mabomba. Akasema, "Ya chungwa. Watu wamwone anakuja."

Siku hiyo alikula akaongeza, na alipomaliza alinibishia habari ya breki ambayo sikuwa nimeisema mimi. Jana amejiburuta na magongo hadi kwa fundi baiskeli kuazima kitabu chenye picha za minyororo. Ndiyo, magongo. Mbuzi amepita salama.

Mimi bado naogopa, sitakudanganya. Lakini yule mtu aliyechafua sketi ya mwalimu ndiye niliyeolewa naye, na nilikuwa sijamwona siku nyingi. Lete. Uwanja nitaufagia. Ila mimi silipandi, hilo tusilirudie.

Nipe na vipimo vya viti, nivishone mwenyewe. Kile kitambaa kizuri cha kijivu Shangazi alichokwisha kuniletea kwa ajili ya suti ya harusi kimelala tu.

Mama yako

Maneno ya baba yako haya: Rudisha injini ilivyokuwa, uso mbele, usiwe mbishi. Mabomba yakitoka tu yapinde yaende chini, yapite chini ya injini hadi nyuma. Kati ya injini na kiti weka bati mbili, si moja, uache nafasi katikati upepo upite, joto litakosa pa kukaa. Mnyororo usiukaze kama uzi wa gitaa, uache ucheze kidogo. Na huyo Mzee Grisi mwambie asikae nyuma ya gari ambalo halijajaribiwa, mtu mzima na kikombe mkononi. Amesema niongeze kwamba umefanya kazi nzuri. Hakusema hivyo, alisema "si mbaya," lakini mimi namwelewa.


Tarehe 9 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo, na mpe shikamoo mteja.

Nimefanya yote. Bati mbili, mabomba chini, mnyororo unacheza. Kiti hakipati joto hata kidogo. Mzee Grisi amekaa humo injini ikiwaka hadi akasinzia. Gia zote tano sasa zinakwenda mbele. Mkaguzi wa magari amelizunguka, amelala chini akachungulia, akaniuliza nani amefikiria hizo bati. Nikasema mteja. Amelipitisha.

Kuna jambo moja tu. Kurudi nyuma sasa hakuna kabisa. Pikipiki hazina gia hiyo. Mkiingia mahali pabaya mtu anashuka anasukuma, ni jepesi, hata mtoto anaweza.

Nitakuja nalo Jumamosi. Viti ulivyoshona vimekaa kama ngozi. Vyote viwili, Mama. Cha pili nacho nimekifunga. Hicho sikuhitaji kuomba vipimo, nimekaa mapajani pako vya kutosha.

Wako,
Kifungo


Tarehe 24 Mei

Kwako mwanangu,

Marahaba. Tangu uondoke ile Jumapili sijapata muda wa kukaa, na utaona kwa nini.

Uliona mwenyewe baba yako alivyolizunguka gari, akaweka sikio kwenye bodi kama daktari. Uliona alivyokwenda hadi kona na kurudi, na Shangazi yako akichungulia ndani kumtafuta bwana harusi. Nilivyokuwa nimesimama mbali na mikono kifuani uliona pia, na hukuniambia kitu, nakushukuru. Sasa nikwambie usiyoyaona.

Jumatatu alisema anakwenda kuninunulia uzi. Nikamwambia uzi ninao. Akasema, "Wa bluu?" Wa bluu ninao mwingi, unamalizika mwakani. Akaenda. Akarudi na uzi wa bluu.

Jumanne akasema, "Mama Kifungo, kile kiti kimeshonwa na nani?"

Nikasema, "Na mimi."

"Mshono wa pembeni umelegea."

Mwanangu, mshono wangu! Nikatoka na sindano kwenda kuutazama. Ili uutazame lazima uingie. Ukishaingia, kile kigari kiko chini sana, kutoka ni kazi, na yeye ameshapiga stata. Mshono haukuwa umelegea hata kidogo.

Nilifumba macho. Nilitaja majina ya ndugu zangu wote, waliokufa na walio hai. Nikamwambia punguza. Akapunguza. Nikafumbua jicho moja, nikaona tunapitwa na mtu mwenye mkokoteni, na mwenye mkokoteni anatupungia mkono. Kifungo, nina aibu zangu. Nilimwambia, "Sasa ndiyo nini hii? Ongeza."

Akaongeza. Mikono yake uliiona? Vidole viwili tu kwenye klachi, kile kijiti anakigusa kama anamwamsha mtoto. Upepo ulinivua kitambaa kichwani, nikakikamata kwa meno. Tukapita sokoni, wale wote walionipongeza kwa harusi wamesimama na mikono juu. Nikawajibu asante, na safari hii nilijua naitikia nini.

Halafu akaingia njia ya kwa fundi viatu, ile inayokwisha ukutani. Nikamwambia mbele ni ukuta. Akasema anauona. Akauona hadi tukaugusa. Tukakaa humo tunautazama, kisha akanigeukia na uso wa heshima kabisa: "Mama Kifungo, naomba rivasi."

Nikashuka nikasukuma. Ulisema hata mtoto anaweza; huyo mtoto wako ni wa wapi? Fundi viatu alitoka kunisaidia akashindwa kwa kicheko, akaketi kwenye kiatu cha mteja. Na baba yako amegeuza shingo ananielekeza: kushoto, kushoto, hapo, ongeza kidogo, injini nzuri hii, inataka kulishwa tu. Nilimrushia kitambaa. Sasa mtaa mzima unajua kwamba gari lile lina gia sita, tano za pikipiki na moja ni mimi. Nikipita wananiuliza, "Rivasi, hujambo?" Jina lako nimelirithi.

Hayo ni ya wiki iliyopita. Leo ametoka tangu chai ya asubuhi. Amesema anakwenda kuona kitu. Nikauliza kitu gani. Akasema akikiona ataniambia.

Muda mfupi uliopita mwalimu alikuja na ile sketi, niipunguze kiuno. Akaniuliza, "Mzee yuko wapi leo?" Swali hilo, mwanangu, watu wameniuliza tangu ajali, na siku zote nilijibu bila kuinua kichwa kwenye cherehani: yuko palepale. Leo nikainua kichwa. Nikamwambia, "Sijui." Nikasema tena, "Mwalimu, mume wangu sijui aliko!" Nikacheka hadi pini zikamwagika, mwalimu akarudi nyuma hatua mbili akidhani nimepata ugonjwa.

Kweli sijui. Huenda yuko kwa wale wenzake wa mikate. Huenda yuko ukutani kwa fundi viatu anangoja mtu wa kumsukuma. Kila kinachopita barabarani nasimama, siyo yeye, nakaa. Chakula nimekipasha moto kikapoa, nimekipasha tena. Akirudi nitamgombeza vibaya sana, maneno nimeshayapanga yote.

Ni mimi mama yako